Waya Uliovutika

Kwa mara ya tatu wiki ile, fundi aliitwa kituo cha afya. Kompyuta ya mapokezi na ile ya maabara zilikuwa zikipotezana: dakika kumi zinaonana, dakika tano hazijuani.

"Mtandao wako ni kama mgeni asiyeaga, shemeji," alisema mpimaji wa maabara, mke wa kaka yake. "Tumechoka kukimbizana na vikaratasi."

Fundi alikwisha kubadilisha vichwa vya waya na hata swichi. Safari hii alisogeza kabati, aufuate waya hadi unapoingia ukutani.

Ulikuwa umekaza kama kamba ya kuanikia nguo. Yeye mwenyewe ndiye aliyeutandaza mwaka juzi, na hapo nyuma ya kabati aliacha mkunjo mzima ukining'inia. Waya haufupiki.

Alipouchomoa, uliteleza wenyewe ukazama tunduni, kama unaovutwa na mtu upande wa pili. Kando ya tundu, ufa ulipanda hadi darini. Akatia kidole, kikaingia chote. Nje likapita lori, na ufa ukakibana kile kidole, kisha ukakiachia.

"Umeuona ugonjwa?" shemeji aliuliza.

"Wodi ya juu ina wagonjwa wangapi?"

"Kumi na wawili. Wanne hawawezi kutembea. Kwa nini?"

Fundi aliacha koleo lake sakafuni.

"Tuanze na hao wanne," alisema taratibu. "Wewe utashika miguu."