Maabara ya Mwisho

Nilichoona kwanza ni majina yaliyotariziwa kwenye makoti meupe ukutani. Hakukuwa na msumari uliobaki wazi, na hii ilikuwa maabara ya mwisho ya kuomba nafasi jijini Cochabamba.

"Mwaka wa tano?" Daktari alimuuliza mdogo wangu, Maribel. "Wenzako walinijia mwaka wa pili, binti, wakiwa hata kuosha chupa hawajui."

"Nitaosha chupa, Daktari. Bila miezi sita ya maabara sihitimu."

"Waosha chupa ninao wanne, na wote wanavunja."

Maribel alishika ukingo wa meza mpaka kucha zikawa nyeupe.

"Kwa nini ulichelewa hivi?"

Maribel hakunitazama.

Ni mimi, Daktari, nilisema moyoni. Mwaka wa pili alitaka kuja, nikamwambia amalize kusoma kwanza, asiwasumbue wakubwa.