Vidoa vya Kijani

"Yai lako nimeliweka kwenye friji, Dakta, lisiharibike na joto hili," alisema Bi Mwanakombo, mhudumu wa maabara, akitabasamu.

Shemsa alikitoa mbio kisahani chenye yai, akakipeleka kwenye darubini. Lilikuwa yai changa la nzi wa matunda, dogo kuliko punje ya chumvi, na la mwisho. Nzi wote wa ukoo wake walishakufa. Asubuhi aliviacha vidoa vya kijani vikisafiri ndani yake, vikibeba ujumbe wa RNA, maagizo ya kuumba mwili, kwenda ncha ya nyuma ya yai. Usipofika huko, buu haliumbiki tumbo. Miaka sita alitaka kuuona ukifika.

Sasa vidoa vimesimama katikati. Baridi huzivunja njia vinazopitia; joto huzijenga upya.

"Nimeharibu?"

"Lete mikono, Bi Mwanakombo. Tukipashe moto."

Wakakizungushia kisahani viganja vinne. Shemsa akainamia darubini.

"Nendeni," alinong'ona. "Nawaomba, nendeni."

Jasho likamwingia machoni. Kisha kidoa kimoja kikatikisika.

"Usitetemeshe mikono!" alifoka.

"Dakta," alisema Bi Mwanakombo kutoka mlangoni, "mimi yangu nimeshaitoa, na yako haitikisiki."