Wageni Wawili, Kiti Kimoja

Afande aliviweka mezani vyote viwili: bunduki ya Mzee Kilua na chupa ya mafuta ya bangi, dawa aliyoandikiwa hospitali kwa maumivu ya saratani.

"Mwenye cheti cha bangi hamiliki bunduki, mzee. Chagua."

"Kitendawili, afande."

"Tega."

"Wageni wawili, kiti kimoja."

"Sheria haitegui vitendawili."

Mzee akamtazama binti yake, Zamda. Juma lililopita mumewe, Mhando, alimkata sikio kwa kukataa kurudi kwake, akaapa kulifuata la pili. Basi mzee akaimwaga dawa yote sakafuni, akachana cheti. Afande akaenda zake na chupa tupu.

Adhuhuri panga likapasua mlango. Mzee akainua bunduki, lakini maumivu yalikwisha kumrudia, yanamtafuna mifupa kama mchwa, na mtutu ukayumba huku na huko.

"Mikono inacheza ngoma, baba mkwe," Mhando akasema, akivuka kizingiti.

Zamda akapiga magoti mbele ya baba yake. Akauegemeza mtutu begani mwake, upande wa kidonda, ukatulia. Kisha akaliziba kwa kiganja sikio lililobaki.