Ndimu Sakafuni

Fundi aliweka ndimu katikati ya sebule. Ikabingirika yenyewe hadi mlango wa nyuma.

"Umeona, dada Shadia? Msingi umezama upande wa ziwani. Mimi nisingeinunua nyumba hii."

Nikairudisha ndimu palepale. Ikakimbilia mlangoni tena, nami nikaifuata. Nje ziwa lilikuwa limetulia. Miaka yote nimepanga chumba mtaa wa Buzebazeba, dirisha likitazama choo cha jirani.

Mwenye nyumba hii inayouzwa, bibi mzee, alikuwa uani akibanika migebuka. "Siwafichi, wajukuu zangu," alisema. "Inazama kidogo kila masika. Tumeizoea."

Nikaipangusa ndimu kwa kanga, nikakaa kizingitini.

"Bibi, naomba kisu niikate hii ndimu, samaki wanaiva. Na wewe fundi, kaa ule kwanza. Una msingi wa kunirekebishia."