Mzomeaji wa Nangurukuru

"Mjane, cheza haraka! Alfonsi huko aliko anakuona unavyohesabu kwa vidole!"

Watu waliojaa chini ya turubai wakaguna. Antonia akageuka kumtafuta aliyesema. Alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa koti la kahawia, viatu vyake vimegandwa na matope makavu. Alisimama nyuma ya Fidelis wa Mtama, aliyekuwa akicheza na huyo mjane. Basi ni mtu wa Fidelis, Antonia akajiambia, na damu ikamchemka.

Mashindano ya bao ya kanda ya kusini yalikuwa yameanza na wachezaji sitini na wanne, pale Nangurukuru karibu na kituo cha mabasi. Siku ya tatu walibaki wanne, na mwanamke kati yao alikuwa mmoja tu, Consolata wa Njinjo. Antonia alikuwa amecheza naye kikundi kimoja kwa miaka tisa. Yeye mwenyewe alitolewa jana yake, wala hakujali. Hakuja kwa ajili ya nafsi yake.

Mume wa Consolata, huyo Alfonsi, alizikwa wiki tatu zilizopita, siku ya mvua kubwa, watu waliofika hawakujaza hata mkeka mmoja. Tangu siku ile mjane alijifungia ndani. Hapiki, hasemi na mtu, hata chozi hakudondosha. Antonia alimtoa humo karibu kwa nguvu.

"Akiinuka kwenye ubao kabla mchezo haujaisha," aliwaambia wenzao wa kikundi, "atarudi kujifungia, na safari hii hatumtoi tena."

Ndiyo maana alikuwa akimshangilia mpaka sauti ikakwaruza.

"Haya, shoga! Nyumba yake imejaa kete, mle!"

Consolata akachota kete, akazigawa shimo kwa shimo. Zikalala pembeni bila kula kitu.

"Tazameni anavyogawa!" akapaza sauti yule wa koti. "Ndivyo alivyomgawia marehemu ugali. Mbichi! Alfonsi hakufa, jamani, alitoroka!"

Mtu mmoja akacheka, halafu akajiziba mdomo. Antonia akamwendea mwamuzi, Mzee Abilahi, aliyekaa kwenye kiti cha plastiki.

"Shikamoo, mzee. Mtoe yule."

"Marahaba. Kafanya nini?"

"Husikii? Anamtukana marehemu!"

"Maneno kwenye bao si kosa, mwanangu. Kugusa kete ndiyo kosa."

Antonia akainama sikioni kwa Fidelis. "Mnyamazishe mtu wako. Huoni haya? Unataka kushinda kwa mdomo wa mwenzio?"

Fidelis akainua uso. Jasho lilikuwa likimtiririka. "Si mtu wangu, dada. Simjui kabisa. Hata mimi ananichanganya."

"Mwongo mkubwa!"

Consolata hakuinua macho. Lakini mkono wake, uliokuwa mzito tangu asubuhi, ukaanza kwenda haraka. Alikula mashimo mawili, akazunguka, akala la tatu. Kikundi cha Njinjo kikapiga makofi. Antonia akapiga kigelegele, akimtazama yule wa koti kwa jicho la kumkomoa.

"Mle tu, mle!" yule mtu akajibu. "Sasa unapata usingizi, ndiyo maana una akili. Alfonsi alikuwa anakoroma mpaka ngedere wanahama shamba! Leo wanaomboleza huko, hawana wa kuwaamsha!"

Antonia akashtuka. Ni kweli Alfonsi alikoroma. Njinjo nzima ilijua. Kumbe hawa watu wa Mtama walifika mpaka kijijini kuulizia! Akapenya kati ya watu, akasimama mbele ya yule mtu, pua kwa pua.

"Neno moja tena, nakung'oa meno."

Yule mtu akamtazama kidogo tu. Kisha akapaza sauti juu ya kichwa chake.

"Na ile miguu yake mirefu kama ngazi, mliiingizaje kwenye jeneza, we mjane? Mliikunja, au mlitoboa tundu aendelee kupunga upepo?"

Consolata alikuwa ameinama juu ya ubao, mabega yakimtikisika. Tone moja likaangukia kwenye shimo, juu ya kete. Likafuata la pili.

Antonia hakungoja kuona la tatu. Alimkamata yule mtu ukosi wa koti, akamvuta. Wanaume wawili wa kikundi wakaja kusaidia, mmoja huku, mmoja huku. Yule mtu hakupigana. Alijiachia aburutwe mpaka kwenye vumbi la barabarani, penye vibanda vya chipsi.

"Mbwa wewe!" Antonia alikuwa akifoka, mate yakimruka. "Kwenu hakujapata kufa mtu?"

"Amekufa," yule mtu akajibu taratibu, akijipangusa koti. "Juzi juzi tu. Tena niliyempenda."

"Basi nenda kamlilie, utuache na wetu!"

Akawaagiza wale wawili wamzuie asirudi. Alipoingia tena chini ya turubai, watu walimpigia makofi. Hata Mzee Abilahi aliitikia kwa kichwa. Antonia alikwenda moja kwa moja ubaoni, akihema, kifua kimejaa ushindi.

"Cheza sasa, shoga. Nimemtoa. Hatakusumbua tena."

Consolata akazirudisha shimoni kete zilizokuwa mkononi mwake. Akainuka. Uso wote ulikuwa umelowa, na midomo ilikuwa ikicheza, haijulikani kama anataka kucheka au kupiga yowe.

"Kamrudishe."

"Nani?"

"Mtani wa Alfonsi. Kuzika hakuwahi, nikampigia simu mwenyewe anifuate huku, anitanie msiba wangu. Kamrudishe, Antonia, ndiyo kwanza nimeanza kulia."