Chumba Kinachoangalia Bahari

Kuku alikuwa anavuja damu. Miriam alimchoma kwa uma wa plastiki, damu ikatapakaa kwenye wali, na harufu yake ikampanda puani hadi akaziba mdomo.

Kitandani, mwanawe mchanga, Ruth, alikuwa ametapika tena. Kuvu nyeusi ilikuwa imetambaa ukutani mpaka juu ya mto wake.

Miriam hakuwa mtu wa kudai anasa. Kabla ya hoteli hii, ambako serikali iliwahifadhi wakimbizi na wasio na makazi, mimba yake aliilea kwenye kiti cha nyuma cha gari. Lakini chakula hiki hata mbwa asingepewa. Akashuka nacho mapokezi.

Bwana Brackley, meneja, hakuinua macho. "Wenzako hawajalalamika."

"Wenzangu wanaharisha."

"Basi kamwambie aliyewaleta hapa."

Miriam aliiacha sahani mbele ya meneja, akapanda kumchukua mtoto.

Semhar, mkimbizi kutoka Eritrea aliyeishi chumba cha jirani, alikuwa ameshampangusa Ruth. Akawafunika mama na mtoto kwa shuka lake jeupe, Miriam akabaki kuonekana macho tu.

"Pitia jikoni, dada. Waandamanaji wapo mlangoni. Jumamosi hawa huwa na wazimu."

"Jikoni kumefungwa kwa mnyororo. Na zahanati haitanisubiri."

Nje, mvua ya Marlhaven, mji wa pwani ya Uingereza, ilikuwa inapiga kwa ubavu kutoka baharini na bendera za waandamanaji zilikuwa zimelowa chapachapa. Miriam hakufika mbali. Yai bovu lilimpasukia begani, ute ukamtiririkia Ruth kwenye paji la uso.

Watu wakacheka. Watu wazima, wenye chupa za chai mkononi na mbwa waliovalishwa makoti.

"Vipi, mpenzi, chumba chako kinaangalia bahari?" mwanamke mmoja alimwuliza, kisha akatema mate karibu na kiatu chake.

Miriam alimfuta Ruth ute kwa ncha ya shuka, akaendelea mbele.

Mbele ya kundi alisimama Clifford Tansley, fundi bomba mstaafu, ambaye kila wiki ndiye aliyeongoza maandamano haya. Alikuwa na kipaza sauti.

"Watu wetu wanalala kwenye magari!" alinguruma. "Hawa wanalala hotelini!"

"Watoke!" kundi likaitikia.

Miriam alimwendea moja kwa moja, akasimama karibu kiasi cha kunusa tumbaku kwenye koti lake.

"Nipishe. Mtoto anaumwa."

Clifford hakusogea. Hata kipaza sauti hakukiondoa mdomoni.

"Rudi kwenu!" alimfokea usoni.

Ruth akaangua kilio. Miriam akalishusha lile shuka mpaka mabegani, uso wake ukabaki wazi mvuani.

"Nilirudi nyumbani kwetu, Baba," alisema. "Nikakuta umebadilisha kitasa cha mlango."