Anayebeba Kuni Nyumbani kwa Nóra

Kitendawili! Wawili wanaota moto mmoja. Akiondoka huyu, moto unabaki. Akiondoka yule, moto unazimika. Haya, nani hao?

Mnakuna vichwa? Fiachra Mulhern asingekuna. Alikuwa mkaguzi wa posho za wasiojiweza kule Mayo, na jibu alilisoma kwenye mafaili kila siku: mgonjwa na mtunzaji wake. Mtunzaji akifa, mgonjwa anaendelea na posho yake, na ya kuni za msimu wa baridi juu yake. Mgonjwa akifa, mtunzaji hana chake. Analipwa wiki chache tu, halafu akatafute kazi.

Kwa Nóra Gaughan alikuwa amefuata jambo jingine. Ofisini ilifika barua isiyo na jina: Nóra hajasimama kwa miguu yake miaka kumi, analipwa kama mtu aishiye peke yake, lakini kuna mtu anabeba kuni kutoka bandani kwake. Kama ni kweli kuna mtu mzima mwenye nguvu ndani ya nyumba ile, posho ya kuni inakatwa. Na Novemba ilikuwa imeshaingia, baridi inapenya hadi kwenye meno.

Alimkuta kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Kando ya jiko yalipangwa mabonge ya udongo wa kinamasi, ndizo kuni za kwao, hadi usawa wa dirisha.

"Nani anakubebea hizi, mama?"

"Kunywa chai, mwanangu. Itapoa."

Akanywa. Kisha akaomba ruhusa, akapanda juu. Chumba kilikuwa cha Bríd, mdogo wake Nóra, aliyemtunza mpaka kufa kwake. Kitanda kimetandikwa vizuri. Fiachra alipopitisha mkono chini ya blanketi, akagusa chupa ya mpira ya maji moto. Ilikuwa bado na uvuguvugu.

Alishuka ngazi polepole.

"Bríd alikufa lini?"

"Niulize mimi." Alikuwa Attracta, jirani wa ng'ambo ya barabara, ameshaingia bila kubisha. "Januari hii, korona imechacha. Watu wa hospitali walimchukua, jeneza likarudi limefungwa kabisa. Hatukumkeshea, hatukumwona uso. Tulikuwa kumi tu kanisani, na barakoa zetu. Huyu maskini akabaki hapo alipo, hata kumzika mwenzake hakuweza."

Akamsogelea Fiachra, akanong'ona.

"Na mimi namwona, bwana. Alfajiri, kwenye ukungu, na koti lake lilelile la kijani. Uso kama wa huyu hapa, walifanana tangu shule. Anabeba kuni. Hata kufa hakujamfundisha kupumzika!"

"Kwa hiyo barua uliandika wewe?"

"Niandike na vidole hivi vya baridi yabisi? Nilisema tu dukani."

Fiachra akafungua fomu yake. Ilikuwa na nafasi ya mume, ya mtoto, ya mpangaji. Ya marehemu haikuwepo.

"Nakuuliza mara ya mwisho, mama. Nani anabeba kuni?"

Nóra aliinamia moto, akauchochea.

"Andika hakuna mtu," alisema Attracta. "Mzimu hauli mkate wa mtu."

Fiachra akafikiria majira ya baridi yaliyokuwa mbele, akaiangalia ile miguu chini ya blanketi. Akaandika: hakuna. Akatia sahihi. "Basi. Posho yako ipo hadi Aprili."

Nóra akashusha pumzi ndefu, kama mtu aliyetua mzigo.

"Sasa langu," alisema Attracta, akitoa karatasi mfukoni. "Majina ya wafu wa kuombewa mwezi huu. Padri anaiweka altareni hadi Novemba iishe. Dukani wameshakuandikia ya kwenu: baba, mama, Bríd. Huyo Bríd tumemwombea mno, sijui kwa nini hatulii."

Nóra aliipokea. Aliisoma, kidole kikakoma kwenye jina la mwisho.

"Na ambaye hakuandikwa?"

"Ambaye hakuandikwa nani amwombee, shoga? Atajikalia hukohuko gizani, anatusubiri."

Nje kunguru mmoja alilia, akaacha.

Blanketi likaanguka sakafuni. Mwanamke akainuka kitini, akapiga hatua nne hadi mezani, akaichukua kalamu mkononi mwa Fiachra. Akalikata jina la mwisho, na mahali pake akaandika: Nóra.

"Kuni nabeba mimi," akamwambia. "Mimi, Bríd."